Risala ya Klabu ya Hisabati na Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Kirumba, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi hapa Kirumba, ambako upepo wa ziwa umeshatupeperushia mabango mawili tangu asubuhi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ina kompyuta moja nzima na makundi matatu yanayoigombea kila Jumamosi. Mwaka jana tuliandika programu ya kupanga zamu kwa bahati nasibu, ili asiwepo wa kunung'unika. Hazikupita wiki nyingi Kundi la Tatu wakaja juu: mbona sisi kutangulia ni kwa nadra? Tukawajibu ni bahati yao tu. Walipong'ang'ania, tukaiendesha programu mara 100 mbele yao. Makundi yakapishana kidogo, kama bahati inavyopishana, tukatangaza kwamba kesi imekwisha.

Haikwisha. Mmoja wao alikuja na punje za mahindi mfukoni, akaisoma programu mstari kwa mstari. Ilikuwa inachukua nafasi ya kwanza na kuibadilisha na yoyote kati ya zote tatu, kisha ya pili vivyo hivyo, kisha ya tatu. Njia zote ni 3 mara 3 mara 3, yaani 27, kila moja na uzito uleule. Lakini makundi matatu yanaweza kupangika kwa namna 6 tu. Akaweka vikombe 6 vya chai mezani, akamwaga punje 27, akasema: haya, gawaneni sawasawa.

Alipoifuata kila njia hadi kwenye kikombe chake, vikombe vitatu vilipata punje 5 na vitatu punje 4. Kundi la Pili lilitangulia katika njia 10, la Kwanza katika 9, wao katika 8. Kwa majaribio 100 hiyo ni kama mara 37 kwa 30, na bahati peke yake huweza kuyumba kiasi hicho, ndiyo maana hatukuona kitu. Dawa ilikuwa mstari mmoja: kila nafasi ichague kati ya zilizobaki tu, yenyewe ikiwemo. Njia zikawa 3 mara 2 mara 1, punje moja kila kikombe. Tuliwaomba radhi, na Jumamosi mbili walitangulia bila kura.

Mwalimu mlezi alicheka, akatuambia kazi hii ya mahindi wapo wanaoifanya kwa kompyuta: uhakiki wa kihisabati wa programu na mifumo yenye kubahatisha ndani yake. Huko Uingereza, Marta Kwiatkowska, Gethin Norman na David Parker walitengeneza programu ya uhakiki iitwayo PRISM. Aachen, Ujerumani, ikatoka nyingine, Storm. Unaieleza programu ya aina hiyo hali zote ambazo mfumo wako unaweza kuwa nazo, na uwezekano wa kutoka hali moja kwenda nyingine. Kisha unauliza, nayo inajibu kwa kuzipitia hali zote, bila kuonja sampuli.

Mfano tulioupenda unatukumbusha vijia vya vilima vyetu vya mawe. Watu wawili wanakutana pembamba, mmoja na ndoo kichwani. Wote wanapisha upande mmoja, wanasimama, wanapisha tena upande mmoja. Vifaa viwili vilivyounganishwa kwa FireWire, waya wa kupitisha data, navyo vilihitaji kuamua kipi kiwe kiongozi. Kila kimoja kinarusha shilingi yake: nisubiri kidogo, au nisubiri sana? Vikifanana, vinarudia. Kwa shilingi ya haki, uwezekano wa kufanana raundi 10 mfululizo ni 1 kwa 1,024. Ipo njia ya kupishana vibaya milele, ila uwezekano wake ni sifuri. Watafiti walipoiingiza itifaki hiyo, yaani utaratibu huo wa kuamua kiongozi, kwenye PRISM, waliona kwamba shilingi iliyoegemea upande mmoja inaweza kumaliza ugomvi haraka zaidi, kwa sababu raundi ambayo wote wamesubiri kidogo ni fupi hata ikibidi irudiwe. Sisi tuliotoka kugombana kwa ajili ya upendeleo tulibishana jioni nzima, hadi tukakubali kwamba vyote viwili vinarusha shilingi ya aina moja, hakuna anayeonewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto ni nyingi, za viti na umeme unazijua. Ya kwetu hasa ni kwamba hali huzaana. Vifaa 10 vyenye hali 10 kila kimoja vina hali bilioni 10 kwa pamoja, na kompyuta yetu huanza kuvuma feni mapema sana. PRISM yenyewe inapatikana bure. Tunaomba kompyuta mbili zenye kumbukumbu ya kutosha, na utufungulie mlango wa kukaa siku moja na wahadhiri wa kompyuta hapa jijini.

Meza yetu ni ya pili kutoka mlangoni. Punje 27 na vikombe 6 vipo, ukipenda kujaribu kugawa. Mama wa jikoni anaomba vikombe virudi kabla ya chai.

Tunaomba kuwasilisha.