Mgonjwa naye ana watu wa kuwashukuru, na ana kazi ya kufanya

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mgonjwa wa figo, zimefeli zote mbili na naishi kwa dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwenye mashine. Gazeti lako nalisoma sana maana ukishakaa kwenye kile kiti muda upo. Sasa kuna kitu kinanikera kila habari zetu zinapoandikwa. Ama tunaandikwa kama watu wa kuhurumiwa ambao tayari wameshaondoka, ama tunaandikwa kama mashujaa wanaotabasamu saa zote, halafu mwishoni msomaji anaambiwa amshukuru Mungu kwamba yeye ni mzima. Yaani mateso yangu yamekuwa kazi yake ni kumkumbusha mwingine bahati aliyonayo. Naomba nafasi kidogo niseme na sisi tunavoona.

Wanaokuja kutujulia hali nao wana neno lao, "shukuru, wengine wako pabaya kuliko wewe." Najua wanasema kwa upendo na siwalaumu. Lakini mtu katoka kwenye mashine baada ya masaa 4, presha imeshuka, misuli ya miguu inakaza, kiu imemkaba na maji anakunywa kwa kipimo kwa sababu figo haziyatoi tena, na keshokutwa anarudi palepale kwa sababu wengi wetu ni mara 3 kila wiki, huyo ukimwamrisha ashukuru unamziba mdomo tu. Isitoshe huyo aliye pabaya kuliko mimi mara nyingi amekaa kiti cha pili yangu na anasikia yote. Sasa mi nishukuru kwa ajili ya hali yake?

Shukrani yangu mimi ilianza nilipojua hii mashine imetoka wapi. Daktari mmoja wa Uholanzi, Willem Kolff, aliitengeneza mwaka 1943 nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, vifaa hakuna, akatumia pipa la mbao linalozunguka na kulizungushia utando wa kufungia soseji, damu inapita humo uchafu unachujika. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mpaka 1945 ndo mama mmoja wa miaka 67 aliyekuwa hajitambui akazinduka, akaishi miaka mingine 7. Na bado wakati huo mashine ilikuwa ya kuvusha mtu kwa muda tu, maana kila ukiunganishwa mishipa inaharibika na ikiisha hakuna pa kuchoma. Mwaka 1960 kule Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner akaweka mrija wa Teflon, aina ya plastiki, unaobaki mkononi, na wa kwanza kuwekewa alikuwa Clyde Shields, fundi mitambo. Aliishi miaka 11. Kabla yake mtu mwenye figo kama zangu alikuwa anarudishwa nyumbani kusubiri.

Mhariri, hao ndo ninaowashukuru, na simaanishi madaktari peke yao, nawashukuru wale wagonjwa walioingia kwenye pipa la mbao na hawakutoka. Shukrani ya hivi haihitaji nijifanye siumwi. Naumwa, naogopa, kuna siku nalia, na bado nawashukuru, vyote vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Na hapo ndo nikaona na mimi nina la kufanya. Kama walionitangulia walinisogezea njia basi kuna anayekuja nyuma yangu. Mgonjwa mpya akiingia wodini na macho ya hofu, kuna vitu manesi wanamwambia ila vinaingia zaidi vikitoka kwa aliye na sindano mkononi kama yeye. Namwonyesha namna ya kugusa fistula, yaani pale mkononi mishipa ilipounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zichomwe hapo, kila asubuhi asikie kama inatetema, ikinyamaza asisubiri, aende hospitali hapohapo. Namwambia mkono huo asikubali kupimwa presha wala kutolewa damu, na asiulalie. Namwambia ajipime uzito kila siku maana maji yanajificha mwilini kabla miguu haijavimba. Kazi ndogo, ila siku nikiwa na mtu wa kumwelekeza naenda kwenye mashine nikiwa tofauti kabisa, kuna mtu ananisubiri.

Hata watafiti waliliona jambo la karibu na hili. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti wao, kundi mojawapo lilikuwa la watu wenye magonjwa ya misuli na neva, waliombwa waandike kila siku kwa siku 21 mambo wanayoyashukuru. Walieleza kwamba moyo ulikuwa mwepesi zaidi na walilala vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika hayo. Ugonjwa haukuondoka, tusidanganyane.

Na wapo ambao hawawezi kabisa, wala kuandika mstari mmoja. Hao wasiambiwe hawana imani au hawana shukrani. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inawapata wengi wenye magonjwa ya muda mrefu na ina matibabu yake, mtu akikaa wiki nzima nzima hajali chochote amwambie daktari kama anavyomwambia maumivu ya kifua.

Kwa familia zetu nina ombi moja, msitunyang'anye kazi zote. Nilipoanza kuumwa ndugu zangu kwa mapenzi yao walinipokonya kila kitu, hata kukagua madaftari ya watoto, ilibidi niombe nirudishiwe. Nikichoka nitasema nimechoka.

Na kwako Mhariri, ukimtuma tena mwandishi wodini asiulize tu tumeanza kuumwa lini na tunajisikiaje. Aulize kila mmoja anafanya nini siku asizokuwa kwenye mashine. Jirani yangu wa kiti ni mwalimu, bado anafundisha, na ana mengi ya kuwaambia wasomaji wako kuhusu hesabu kuliko kuhusu figo.

Ni mimi msomaji wako,
Mgonjwa wa figo