Anayerudia Tomb Raider ahesabu miraba kwanza

Mhariri,

Tangu gemu tatu za mwanzo za Tomb Raider zitolewe upya na kampuni ya Aspyr tarehe 14 Februari 2024, waliozicheza zamani wamekuwa wakizirudia, na malalamiko ni yaleyale: Lara, mhusika anayeendeshwa na mchezaji, ni mzito, hatii, anatumbukia shimoni bila sababu. Tunaomba nafasi katika safu hii tuitetee kazi ya Core Design, kampuni ya Derby, Uingereza, iliyotoa gemu ya kwanza mwaka 1996. Lara anatii sana. Shida ni kwamba mchezaji amezoea gemu za leo, ambazo humsahihishia mruko bila yeye kujua.

Dunia yote ya gemu hizo imejengwa kwa miraba iliyo sawa, na kila mruko wa Lara una kipimo kisichobadilika. Akiruka akiwa amesimama ukingoni anavuka pengo la mraba mmoja; ukishikilia kitufe cha kudaka, yaani kushika ukingo kwa mikono, anafikia ukingo ulio miraba miwili mbele. Akiruka kwa mbio anavuka miraba miwili, na akidaka, mitatu. Hesabu hiyo ni ya kingo zilizo usawa mmoja. Ukishaijua, hakuna tena kubahatisha: unasimama, unahesabu, unaruka.

Mruko wa mbio ndio unaowaua wengi, nao una utaratibu wake. Shikilia kitufe cha kutembea na usogee hadi ukingoni. Ukitembea hivyo Lara hawezi kuanguka, atasimama mwenyewe. Achia, kisha bonyeza nyuma mara moja. Ataruka kinyumenyume mraba mmoja kamili, na hiyo ndiyo nafasi anayohitaji kuchukua kasi. Sasa kimbia mbele na papo hapo shikilia kitufe cha kuruka. Usisubiri ufike ukingoni. Lara humaliza hatua aliyoianza kabla ya kuinuka, kwa hiyo anayebonyeza akiwa ukingoni tayari amechelewa, naye ndiye anayeapa kwamba pedi yake ya kuchezea ni mbovu.

Kushuka nako kuna njia yake. Mpe shimo mgongo, bonyeza nyuma huku umeshikilia kitufe cha kudaka, naye atabaki ananing'inia ukingoni. Ukiachia kutoka hapo, urefu wa kuanguka unapungua. Mteremko mkali unaoishia kwenye shimo hutelezwa vivyo hivyo: kinyumenyume, kidole kikiwa kwenye kudaka.

Toleo jipya linakupa uendeshaji wa aina mbili, wa zamani na wa kisasa. Ushauri wetu ni uchague wa zamani, hata kama saa ya kwanza itakuchosha. Katika ule wa kisasa, mbele ni kule kamera inakotazama; kamera ikizunguka kidogo, mruko uliokusudia kuwa wa moja kwa moja unakwenda mshazari, na pengo la miraba mitatu halisamehi mshazari. Katika ule wa zamani, mbele ni kule Lara anakotazama, kamera iwe wapi iwe wapi. Viwanja vilibuniwa kwa uendeshaji huo.

Kuna pia kitufe cha kubadilisha picha mpya na za zamani katikati ya mchezo. Wengi hukibonyeza kwa kujifurahisha tu, lakini kina kazi. Picha mpya ni nzuri, ila mwanga wake huacha baadhi ya vyumba gizani, na miraba haijitokezi wazi kila mara. Ukikwama, rudi kwenye picha za zamani: maungio ya vigae yanaonekana, na swichi au kisanduku cha dawa kilichojificha pembeni hujitokeza.

Anayetaka kuona ustadi wa wabunifu wale afike Ugiriki, kwenye St. Francis' Folly katika gemu ya kwanza. Ni shimo refu linaloshuka wima, lenye milango minne yenye majina ya Neptune, Atlas, Damocles na Thor. Kila jina linakuonya kilichomo: maji, tufe la jiwe, panga zinazoning'inia darini, umeme na nyundo. Hakuna mshale wala alama ya kukuelekeza. Kwa Damocles usikimbie kabla hujatazama juu. Soma njia, kisha tembea. Tunaamini chumba hicho kinafundisha kutulia kuliko maelezo yoyote ya kwenye skrini.

Silaha hazina mengi. Bastola haziishiwi risasi, basi zitumie kwa mbwamwitu na popo, na bunduki kubwa uzihifadhi. Kisanduku kidogo cha dawa hurudisha nusu ya uhai, kikubwa hurudisha wote. Usitumie kikubwa kwa jeraha dogo.

Mpangilio wa kucheza ni wa miaka: ya 1996, ya 1997, kisha ya 1998. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ina mtego mmoja wa kujua mapema. Baada ya hatua za India unachagua mwenyewe kwenda Nevada, London au visiwa vya Pasifiki ya Kusini. Nenda Nevada kwanza. Huko Lara hukamatwa na kunyang'anywa silaha, na aliyeiacha Nevada mwisho hupoteza rundo la bunduki alizozikusanya njia nzima.

Mwisho, sevu (hifadhi mchezo ulipofikia) kwa nafasi tatu au nne kwa zamu, na daima Lara akiwa amesimama mahali imara. Aliyesevu juu ya nafasi yake moja tu wakati Lara yuko hewani akianguka, atakuwa akifungua kifo kilekile kila anapowasha gemu.

Wasomaji wako,
Wapenzi wa Tomb Raider