Madiwani waombe hesabu ya bei ya maji kabla waziri hajatia saini

Ndugu Mhariri,

Bei ya maji ikipanda, madiwani wa majiji yetu ndio wanaolaumiwa sokoni, ingawa si wao wanaoipanga. Huandaliwa na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda, lililoundwa 1972, kisha huidhinishwa na Waziri wa Maji na Mazingira. Baraza la Jiji la Jinja, la Gulu au la Mbarara halina kura hapo. Hata hivyo lina kamati zake, lina haki ya kuuliza kwa niaba ya wakazi, na lenyewe ni mteja: bili za vyoo vya umma, masoko na vituo vya afya hulipwa kwa bajeti yake. Baraza likinyamaza hadi bei mpya itangazwe, limekwisha kuchelewa.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kigawanyo. Gharama zote za mwaka, yaani umeme wa pampu, shabu na klorini za kusafishia maji, mishahara, matengenezo na mikopo, hugawanywa kwa yuniti zilizouzwa, wala si zilizozalishwa. Yuniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Tuchukue mfano wa mji unaotumia shilingi bilioni 1 kuzalisha yuniti 500,000. Maji yakipotea kwa asilimia 35, zinauzwa yuniti 325,000 na kila moja inahitaji shilingi 3,077. Upotevu ukishuka hadi asilimia 25, zinauzwa 375,000 na bei inatosha kuwa 2,667. Tofauti hiyo ya shilingi 410 haijatoka kwenye mfumuko wa bei. Imetoka kwenye mabomba yanayovuja, miunganisho ya wizi, na mita zilizochakaa ambazo hazihesabu maji yanayopita polepole. Diwani aombe tarakimu mbili tu kwa eneo lake: yuniti zilizoingia kwenye mtandao na yuniti zilizotozwa.

Hapo ndipo palipo na udhaifu wa utaratibu wa kurekebisha bei kwa kufuata mfumuko, thamani ya shilingi na bei ya umeme. Utaratibu wenyewe ni mzuri, kwa kuwa shirika lisiloweza kulipa umeme halisukumi maji. Lakini ukiachwa peke yake unafidia kila gharama, hata ile iliyotokana na uzembe. Dawa yake inajulikana: sehemu ndogo ya nyongeza ikatwe kila mwaka kama deni la ufanisi, yaani kiasi ambacho shirika lenyewe linatakiwa kukifidia kwa kupunguza uzembe, na umeme ukishuka bei, kanuni ileile iteremshe bili.

Majitaka ndiyo sehemu isiyoangaliwa kabisa, nayo inauma zaidi. Mwenye nyumba aliyeunganishwa na bomba la majitaka hutozwa asilimia 75 ya gharama ya maji yake, na mwenye biashara asilimia 100. Kwa hiyo nyongeza ya maji hubeba nyongeza ya majitaka bila mtu kuitaja. Chukua yuniti 12 kwa bei ya mfano ya shilingi 4,000: maji ni 48,000, majitaka 36,000, jumla 84,000. Bei ikiongezwa asilimia 10, jumla inakuwa 92,400. Jirani anayetumia maji kiasi kilekile lakini ana choo cha shimo ameongezewa 4,800. Huyu aliyeunganishwa na bomba la majitaka ameongezewa 8,400, na VAT ya asilimia 18 bado. Je, gharama ya kusafisha majitaka kwenye mabwawa ya Kirinya hapa Jinja, ambako kazi kubwa hufanywa na jua na bakteria, imepanda sawasawa na gharama ya kusukuma maji safi? Huenda imepanda zaidi, huenda kidogo. Hesabu zake zitengwe ili ionekane. Tena mwenye choo cha shimo hajapona: analipia gari la kunyonya, na bei ya kumwaga tope kwenye mtambo lazima ijadiliwe siku hiyohiyo, la sivyo tope litaishia mtaroni.

Bei ya bomba la umma ni ya chini kwa makusudi, ila anayeilipa mara nyingi ni msimamizi wa bomba. Anayeteka dumu analipa anachotajiwa. Punguzo lisiloandikwa ukutani kwa shilingi kwa dumu halimfikii.

Kuna na kosa dogo linalozua ugomvi kila mara. Msoma mita akikuta geti limefungwa, bili hukadiriwa. Miezi miwili baadaye mita inasomwa, na yuniti zilizotumika chini ya bei ya zamani zinatozwa kwa bei mpya. Zigawanywe kwa siku: kama kati ya siku 60 siku 40 zilikuwa kabla ya mabadiliko, theluthi mbili ya yuniti zilipiwe bei ya zamani. Mteja naye apige picha ya mita jioni ya mwisho kabla ya bei kubadilika, namba ya mita na yuniti zote zionekane.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti za mabaraza hupitishwa kabla ya hapo. Barua ya baraza kwa wizara, yenye maswali haya na nakala kwa meneja wa maji wa eneo, iondoke kufikia Machi. Majibu yasomwe kwenye kikao cha wazi, na fungu la maji la vyoo vya umma lirekebishwe humohumo kabla bajeti haijafungwa.

Wasomaji wako,
Jinja