Wazee andikeni majina kwenye wosia

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi kesi za mirathi, maana kila ndugu akishindwa utasikia hakimu kala hela, jaji kageuza wosia wa marehemu. Jamani mara nyingi hajageuza kitu, kasoma kilichoandikwa na kilichoandikwa ndio hakieleweki.

Kwenye ukoo wetu mzee aliacha karatasi inasema "nyumba ya Mbagala abaki nayo mama watoto". Sasa mzee alikuwa na nyumba mbili Mbagala na wake wawili na wote kazaa nao, hapo we amua mwenyewe, kila upande unakuja na "mzee aliniambia mimi" na mpaka leo watoto wa baba mmoja hawazikani.

Wengi hawajui kuwa ile Sheria ya Urithi ya India ya 1865 bado inatumika Tanzania, hasa kwenye mirathi ya Wakristo, na imeeleza vizuri tu wosia usomwe vipi. Unasomwa wote, sio unachomoa mstari unaokupendeza. Vipengele viwili vikigongana kabisa basi cha mwisho ndio kinashika. Na imetoa mifano, mtu kaandika "binamu yangu Mary" kumbe ana mabinamu wawili wote Mary, hapo mahakama inaruhusu ushahidi wa nje ili ijulikane alimkusudia yupi. Lakini kama kaandika shamba langu nampa halafu jina kaacha wazi, hata mlete mashahidi wa kujaza daladala hilo pengo halijazwi na kipengele kinakufa hapo hapo.

Kwa sisi wa sheria za kimila kuna Tangazo la Serikali (GN) namba 436 la 1963, linataka wosia wa maandishi uwe na mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, angalau ndugu mmoja na mtu baki mmoja, na kama mwenye wosia hajui kusoma basi wawe wanne, nusu ndugu nusu watu baki. Sasa mtu anaita rafiki zake tu wanasaini anadhani kamaliza.

Mhariri tunaomba gazeti lako liwape mawakili na watu wa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), ambao wanaandika na kutunza wosia, ukurasa hata mara moja kwa mwezi waweke mfano kamili, majina matatu ya kila mrithi, namba ya kiwanja, na kama hakuna hati basi majirani wa pande zote nne.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam