Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: Mtoto asiyejua jina lake asikabidhiwe kwa kila anayekuja na jina

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Kwa umri, mimi ndiye wa kuamkiwa. Lakini kiti ni kiti. Shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani wa pale stendi. Jina langu huenda hulikumbuki, ila kazi yangu umeiona. Vile vitambaa vya rangi ya chungwa vilivyozungushwa jukwaani kwako Desemba 10, siku ya kufunga Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, nilivishona mimi, mita arobaini, usiku mmoja. Deni la vitambaa bado liko ofisini kwako na leo silidai. Nina jingine. Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma ya spika, pini mdomoni, nikakusikia ukiahidi kwamba katika wilaya hii hakuna binti atakayekimbia ukeketaji akakosa mlango wa kubisha, na kwamba mlango wako uko wazi usiku na mchana. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga kwa sababu nilikuwa nimeshikilia kona ya kitambaa iliyotaka kuanguka, lakini nilikuamini.

Nimebisha mara saba, Mheshimiwa.

Sitataja mtaa wetu wala kata. Wanaomtafuta huyu mtoto nao wana simu, nao wanasoma. Wewe unapajua, maana barua zangu mbili zilipokelewa na kugongwa muhuri.

Asubuhi ya Desemba 19 nilimkuta nyuma ya choo cha stendi. Mvua ilikuwa imemnyea usiku kucha. Mguu mmoja una kandambili, mwingine tope hadi gotini. Nyuma ya sikio la kushoto pamevimba kama embe changa, damu imeganda kwenye nywele. Mungu anisamehe, kwanza nilidhani ni mlevi. Nilipomgeuza nikaona ni mtoto wa miaka kumi na minne, ikizidi sana kumi na mitano. Nikamuuliza, unaitwa nani mwanangu? Akafungua mdomo kama mtu anayetaka kutaja kitu anachokijua kabisa, kisha akaufunga. Akaanza kulia bila sauti.

Hakujua. Mpaka leo hajui.

Hospitali walisema kichwa kimepigwa, au kimegonga mahali. Kumbukumbu inaweza kurudi kidogo kidogo, na nyingine inaweza isirudi, wala asilazimishwe. Kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa, nilikilipia kwa kuuza mashine yangu ya overloki. Muuguzi aliyemkagua akaniita pembeni, akaniambia hajakeketwa. Sikuelewa kwa nini ananiambia hilo kabla ya mengine yote. Sasa naelewa.

Kinachonishangaza ni mikono yake. Jina hana, lakini ukimpa ulezi anaupepeta na kuusaga kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Anasuka nywele. Anasoma, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa mtendaji wetu. Ukimsalimia Kikurya anaitikia kabla hajafikiri, kisha anashtuka, kama jibu limetoka kwa mtu mwingine. Siku ya tatu aliniomba maziwa lala. Mheshimiwa, sisi huku tunasema mtindi. Maziwa lala ni neno la upande wa pili wa mpaka wa Sirari, Kenya huko. Nililisema hilo polisi, nikalisema ustawi wa jamii, nikaliandika kwenye barua yangu ya kwanza kwako. Sijasikia kama kuna aliyepiga simu hata moja kuuliza upande wa pili kama kuna binti aliyepotea. Namba ya simu ya mtoto ni 116 kwetu, na kwao ni 116 hiyo hiyo.

Desemba 27 kundi la tohara na ukeketaji lilipita barabarani. Unajua yanavyopita mwaka unaogawanyika kwa mbili: filimbi, marungu, miamvuli, wasichana wamefungwa khanga na kubandikwa noti, wazee kwa vijana wanarukaruka katikati ya barabara ya Mwanza na mabasi yanasubiri. Na askari wako wanaangalia. Niliposikia filimbi nilitoka nje kutazama, kama kila mtu. Niliporudi ndani mtoto hayupo. Nilimkuta chini ya meza ya kukatia, amejifukia kwenye vitambaa vya sare za shule, amejikojolea. Nikamuuliza, unaogopa nini? Akasema, "Sijui, mama. Wao ndio wananijua."

Hapo ndipo nilipoanza kukisia. Nasema kukisia, maana sitaki kesho niambiwe nimesema uongo. Nakisia alitoroka usiku wa kuamkia siku yao ya kukeketa. Nakisia alikimbizwa, na lile jeraha ni la rungu au jiwe. Nakisia kuna ng'ombe wa mahari walioshaliwa, kwa sababu watu hawamtafuti mtoto wiki nne kwa pikipiki, mafuta kwa bei hii, kwa mapenzi tu. Kwa Wakurya binti asiyekeketwa wanamwita msagane, na ni tusi. Mimi ni Mjita. Nimeishi na Wakurya miaka ishirini na sita, nimewashonea sare na magauni ya harusi, nawapenda, na wapo akina mama wa Kikurya wanaoniletea unga usiku kwa ajili ya mtoto huyu. Wanakuja usiku kwa sababu mchana wanaogopa.

Desemba 29 wakaja wanaume wanne na pikipiki mbili. Wakasema wanamtaka Bhoke wao. Nikawaambia Bhoke simjui, nikafunga mlango. Wakaukata mlango panga tatu, wakaondoka. Alama zipo, njoo uzitazame. Januari 6 wakaja wengine, wawili na mzee mmoja, wapole, wana mfuko wa sukari. Hao walimtaka Ghati wao. Mzee akalia kabisa. Sasa niambie, Mheshimiwa, wewe msomi: mtoto mmoja, majina mawili, baba wawili. Bhoke ni jina ambalo ukiliita mnadani wanageuka kumi, na Ghati vivyo hivyo. Hapa ndipo penye hatari yote ya mtoto huyu. Binti mwingine akiitwa kwa jina lisilo lake atasema huyo si mimi. Huyu hawezi. Kila anayekuja na jina anakuja na kitu ambacho yeye hana.

Nilienda kwa mjumbe, akanituma kwa mtendaji. Mtendaji akasema hawezi kumwandika mtu asiye na kijiji. Nilienda kituo cha polisi kuomba RB, ile namba ya taarifa kwenye kitabu chao, kaunta wakaniuliza jina la mlalamikaji. Nikasema hajui. Wakasema basi arudi akikumbuka. Hata PF3, fomu ya polisi ya jeraha, niliipata siku ya tatu, baada ya kukaa kwenye benchi mpaka askari wa zamu akanichoka. Ustawi wa jamii walinipokea vizuri, sitawasingizia, dada yule ana roho safi. Ila gari halina mafuta, nyumba salama zimejaa msimu huu, na fomu ya kumpeleka inataka jina, kijiji na jina la mzazi. Nikamwambia dada, hii fomu ni ya mtoto ambaye hajapotea. Akacheka, kisha akafuta macho.

Nimesoma darasa la saba, lakini nina mpwa anayesoma sheria, akanisomea kwenye simu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inasema mtoto ana haki ya jina. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Na Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya mwaka 1998, inampa mwenye uangalizi wa binti wa chini ya miaka 18 anayemkeketa au kusababisha akeketwe kifungo kati ya miaka mitano na kumi na mitano. Takwimu nazo mlitusomea jukwaani: mkoa wa Mara umeshuka kutoka asilimia 32 katika utafiti wa 2015/16 hadi 28 katika ule wa 2022. Tulipiga makofi kwa hizo nne. Sijui huyu wangu mtamhesabu kwenye zilizoshuka au kwenye 28. Itategemea mtamkabidhi kwa nani.

Maana Alhamisi iliyopita, Januari 16, mlikaribia kumkabidhi.

Niliitwa kituoni nimlete mtoto kwa mahojiano. Nikafurahi, nikamshonea gauni jipya, nikampaka mafuta. Tukafika, nikakuta wanaume wawili wameketi ndani, kwenye viti, sisi tukaachwa tumesimama. Mmoja ana kitambulisho cha taifa cha NIDA na barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri. Askari akamuuliza mtoto: unamfahamu huyu? Akasema, sijui. Huyu ni baba yako mdogo? Akasema, sijui. Askari akaandika, na mimi nilichungulia nikasoma kwa macho yangu: mtoto hakukana.

Mtoto hakukana!

Mheshimiwa, angekanaje? Hata ungekwenda wewe na gari lako la bendera ukasema ni binti yako, asingekana. Nilipiga kelele, nakiri. Nilimwita askari majina ambayo mama mtu mzima hapaswi kuyatamka, na kama kuna kesi ya hilo nipo tayari. Kilichomuokoa si kelele zangu. Aliingia askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto, akawauliza wale watu swali moja tu: mtoto wenu ana kovu wapi? Wakatazamana. Mmoja akasema, mguuni. Mtoto ana kovu la moto mkononi, kubwa, limeanzia kiwiko, alikuwa amelificha kwa khanga. Yule afande akawaambia warudi Jumatano na mama mzazi. Wakaondoka wakisema watarudi na mwenyekiti mwenyewe. Mmoja alipopita mlangoni akamwambia mtoto kitu kwa Kikurya, taratibu. Mtoto hajala tangu siku ile, anakunywa uji tu, na kulala analala chini ya meza ya kukatia.

Mimi mwenyewe nimechoka. Januari ndiyo mavuno yetu mafundi, sare za shule, marinda, kaptula, na mwaka huu wateja wanapita upande wa pili wa barabara. Wameambiwa mwanamke wa Kijita ameiba mtoto wa watu ampeleke mjini akamuuze. Mwenye fremu ananitazama vibaya. Presha imepanda, dawa nimeruka wiki mbili. Mwanangu aliye Mwanza amenipigia, akasema mama, mrudishe mtoto wa watu, utauawa. Nikamuuliza nimrudishe wapi? Akakaa kimya, akanitumia elfu ishirini.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na maombi mengi. Nilitaka nyumba salama, nilitaka askari apite usiku, nilitaka gari la ustawi litiwe mafuta, nilitaka walioukata mlango wangu watafutwe, nilitaka hata overloki yangu. Yote hayo unaweza kuyaacha. Naomba moja. Asikabidhiwe. Asikabidhiwe kwa kitambulisho cha anayesema ni baba, maana kitambulisho kinaonyesha huyo baba ni nani, hakionyeshi huyu mtoto ni wa nani. Asikabidhiwe kwa barua ya mwenyekiti. Asikabidhiwe kwa sababu hakukana. Anayesema ni damu yake, damu ipimwe: Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mwanza, na kipimo cha vinasaba mimi raia siwezi kukiomba, kinaombwa na mamlaka, na mamlaka ni ninyi. Na hata damu ikikubali, aulizwe kwanza huyo baba lile jeraha la nyuma ya sikio alilipata wapi.

Jumatano wanakuja. Mimi Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye geti la ofisi yako pamoja na mtoto, na PF3, na zile barua mbili zenye muhuri wenu. Yule afande wa Dawati nimemwomba aje, amesema akiruhusiwa na mkubwa wake atakuja. Mara ya mwisho mlinzi wa geti alituzuia kwa sababu kwenye daftari la wageni kuna sehemu ya kujaza jina, na mtoto hakuwa na la kujaza. Naomba mlinzi aambiwe mapema.

Fundi wa vitambaa vya rangi ya chungwa,
Stendi
Januari 19, 2025