Darubini ya kwanza kwa anga la Dodoma

Arusha, 8 Juni 2026

Kaka Baraka,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Matangazo matatu ya darubini uliyonitumia nimeyasoma. Jibu fupi ni kwamba ya kwanza uiache, ya pili uiache pia, na ya tatu ni nzuri ila imefungwa kwenye stendi isiyofaa huko uliko. Sababu nakuandikia kwa urefu, maana pesa ni yako na fundi wa hiyo darubini utakuwa wewe mwenyewe.

Ile ya kwanza imeandikwa "525x" kwa herufi kubwa kwenye boksi. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila haina kazi. Ukuzaji unapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi ya darubini (umbali kutoka lenzi au kioo kikuu hadi mwanga unapokusanyika) kwa fokasi ya lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia. Fokasi yake ni milimita 700, wamekuwekea lenzi ya jicho ya milimita 4, unapata mara 175. Wameongeza lenzi ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji, ya mara 3, na hiyo ndiyo 525 yao. Lakini lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 60 tu, na kwa kawaida kila milimita ya kipenyo hubeba ukuzaji wa mara mbili, basi. Mwisho wake ni 120, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukipita hapo picha inakua huku ikififia na kuwa na ukungu, hadi huoni kitu cha maana. Tangazo lolote linaloanza kwa kujisifia ukuzaji, lipite.

Kinachonunuliwa kwenye darubini ni kipenyo cha kioo au lenzi kuu, kwa sababu ndicho kinachokusanya mwanga, na mwanga huo huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Kioo cha milimita 130 kinakusanya karibu mara 4.7 ya lenzi ya 60. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho ya mtu yeyote, hata mtoto.

Ya pili ina kipenyo cha 127 na fokasi ya 1000, na ndiyo iliyokuvutia kwa bei. Angalia urefu wa bomba kwenye picha: ni kama nusu mita. Darubini ya kioo ya kawaida huwa na bomba linalokaribia urefu wa fokasi yake. Hii imefupishwa kwa kufichwa lenzi ya kurefusha fokasi ndani ya kile kibomba kinachoshika lenzi ya jicho. Lenzi hiyo kwenye darubini za bei ya chini huwa duni, picha haikazi vizuri, na siku vioo vikihama mahali pake utasumbuka sana kuvilinganisha, kwani lenzi hiyo inakuzuia kuona ndani. Bomba fupi na fokasi ndefu kwenye darubini ya kioo cha bei nafuu: kimbia.

Ya tatu, 130 kwa 650 (yaani kipenyo kwa fokasi, kwa milimita), bomba lake ni zuri. Muulize muuzaji jambo moja tu, kama kioo kikuu ni cha parabola. Kwa fokasi fupi kama hiyo, kioo kilichochongwa kama kipande cha tufe hakileti mwanga wote mahali pamoja, na sayari zitakuwa na ukungu siku zote hata ufanye nini. (Kwa darubini ya 114 kwa 900 kioo cha tufe hakina shida, kwa sababu fokasi ni ndefu kulingana na kipenyo.)

Tatizo lake ni stendi ya ikweta, ile yenye mhimili ulioinama na uzito wa kusawazisha. Ajabu ni kwamba stendi yenye jina hilo haifai kwa watu wanaoishi karibu na ikweta. Mhimili wake lazima uelekee kwenye ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na urefu wa ncha hiyo juu ya upeo ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. Dodoma iko nyuzi 6 kusini, kwa hiyo ncha yako ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya ardhi, nyuma ya ukuta wa jirani. Hakuna nyota angavu ya kukuonyesha ilipo, na Nyota ya Kaskazini kwako iko chini ya upeo. Stendi nyingi ndogo hugoma kulazwa hadi nyuzi 6, na hata zikikubali, ule uzito hugonga mguu wa stendi katikati ya kazi. Aliyeko Ulaya atakusifia stendi hiyo, na kwake ana haki.

Kwa hiyo tafuta stendi ya Dobson. Ni kisanduku cha mbao kinachozunguka kushoto na kulia, na bomba linainuka na kushuka ndani yake. Aliyeieneza ni John Dobson wa San Francisco, aliyekuwa akiweka darubini zake barabarani ili wapita njia wachungulie bure. Haina injini, haihitaji betri, na haitikisiki ovyo. Pesa ambayo ingeishia kwenye gia inaingia kwenye kioo.

Kama una mahali pa kuiweka, chukua ya 150 kwa 1200. Bomba lake ni refu karibu kama mtoto wa darasa la kwanza, na ikiwa imekamilika ina kilo 15 hadi 17, lakini unabeba bomba peke yake kisha stendi. Kioo chake kina fokasi ndefu, hivyo hakikuadhibu vioo vikihama kidogo, na lenzi za jicho za bei ya kati zinatosha. Hiyo ndiyo ningekuchagulia. Kama nafasi au pesa haitoshi, chukua 130 kwa 650 ya Dobson ya kuweka mezani. Ina kilo sita au saba hivi. Usije ukaiweka kwenye meza ya plastiki. Kigoda kizito cha mbao au mtungi wa zege ndiyo dawa, la sivyo kila ukigusa bomba nyota zitacheza sekunde kumi. Kipimo cha stendi nzuri ni kugonga bomba kidogo kwa kidole huku ukiangalia nyota kwa ukuzaji wa mara 100: mtikisiko uishe ndani ya sekunde mbili au tatu.

Dobson ina kasoro moja, na kwenu inaonekana zaidi. Kitu kikiwa utosini kabisa, kukifuata inabidi uzungushe kisanduku sana kwa mwendo mdogo tu wa nyota. Sehemu kubwa ya anga nzuri hupita karibu na utosi wa Dodoma. Dawa ni subira: anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo subiri saa moja kitu kishuke, au kitazame mapema kinapopanda.

Bei zote hizo zikikushinda, nunua darubini ya macho mawili ya 10x50 (ukuzaji wa mara 10, lenzi za mbele za milimita 50), nzuri kuliko darubini mbovu ya miguu mitatu. Habari za darubini za kompyuta zinazotafuta nyota zenyewe ziache kwa sasa. Kwa bei hiyohiyo wanakupa kioo kidogo.

Lenzi za jicho. Boksi huja na ya 25 na ya 10. Kwenye 150 kwa 1200 hizo zinakupa mara 48 na mara 120, unaweza kukaa nazo miezi kadhaa bila kununua kitu. Kwenye 130 kwa 650 zinakupa 26 na 65 tu, kwa hiyo panga pesa ya lenzi ya milimita 5, ikupe 130 kwa ajili ya sayari. Hakikisha tundu ni la inchi 1.25, ambalo lenzi zake zinapatikana kila mahali. Lenzi zilizoandikwa H au SR ni za kujaza boksi. Zilizoandikwa Plössl ni salama.

Sasa matarajio, maana hapa ndipo darubini nyingi huishia juu ya kabati. Picha za rangi za mtandaoni zimekusanya mwanga kwa saa nyingi. Jicho lako litaona mawingu ya gesi na magalaksi kwa kijivu. Mwezi na sayari ndivyo vinavyoleta mshangao usiku wa kwanza. Tazama Mwezi ukiwa nusu, si mpevu, kwa sababu vivuli vya mashimo huonekana kwenye mpaka wa mwanga na giza. Zuhura iko magharibi jioni, na katikati ya Agosti itaonekana kama nusu mwezi. Zohali subiri Oktoba. Pete zake zilikuwa zimetulalia ubavu mwaka 2025, kwa hiyo mwaka huu bado ni nyembamba. Usidhani umeuziwa darubini mbovu, zitazidi kufunguka miaka ijayo. Mshtarii na miezi yake minne itakaa vizuri jioni mwanzoni mwa 2027.

Halafu una vitu viwili ambavyo aliyeko London havioni maishani mwake akiwa nyumbani. Kundi la nyota la Omega Kentauri jioni hizi za Juni liko juu kusini. Kwa kioo cha 150 na ukuzaji wa 120 linaanza kupasuka kuwa chembechembe za nyota. Alfa Kentauri, ile angavu zaidi kati ya mbili zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini, inagawanyika kuwa nyota mbili kwa ukuzaji wa 100. Julai na Agosti, Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota hafifu, kwenye makundi ya Akarabu (Nge) na Mshale inapita juu sana. Kilimia, kile kishada cha nyota, kisubiri mwisho wa mwaka, na kwa kutazama Kilimia ile 130 inaizidi 150, kwa sababu inaonyesha eneo pana na Kilimia chote kinaingia.

Siku ya kwanza anza mchana. Kilengeo, kile kifaa kidogo cha kulengea kilichofungwa kwenye bomba, kilinganishe na bomba kwa kutumia mnara wa simu ulio mbali zaidi ya kilomita moja: weka ncha ya mnara katikati ya lenzi ya 25, bomba lisisogee, kisha zungusha skrubu za kilengeo hadi nukta nyekundu ikae kwenye ncha hiyohiyo. Jua likizama itoe darubini nje dakika 30 kabla ya kutazama, ili kioo kipoe kama hewa. Iweke kwenye udongo au majani, si kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa na jua kutwa nzima, na usitazame sayari ikiwa juu tu ya paa la bati. Joto linalopanda hapo linafanya picha ichemke. Upepo wenu wa miezi hii ni mkali, kwa hiyo kaa upande wa ukuta unaokinga. Taa ya jirani ikikusumbua, jifunike kitenge kichwani pamoja na lenzi ya jicho.

Makosa mawili yanarudiwa na karibu kila mgeni. Mfuniko mkubwa wa mbele una kifuniko kidogo ndani yake, na mtu hufungua hicho kidogo tu, halafu analalamika kuwa haoni kitu. Ondoa mfuniko wote. La pili: akiona duara kubwa jeupe lenye tundu jeusi katikati hudhani ndiyo nyota. Hiyo ni nyota isiyowekwa fokasi, na tundu ni kivuli cha kioo kidogo kilicho ndani ya bomba karibu na mdomo. Zungusha kifundo hadi duara lipungue liwe nukta. Ukielewa hilo, umeelewa nusu ya kazi. Na picha itakuwa juu chini, hilo si kosa. Ukisukuma bomba kushoto nyota itakimbia upande usioutarajia, mkono utazoea.

Darubini ikisafirishwa kwa basi kutoka Dar, vioo huhama. Toboa kitundu katikati ya mfuniko wa kibomba cha lenzi ya jicho, chungulia mchana ukielekeza bomba kwenye ukuta mweupe. Kwanza rekebisha kioo kidogo hadi kioo kikuu chote kionekane ndani yake, kisha geuza skrubu tatu za nyuma, robo mzunguko kwa mara moja, hadi kitundu chako kionekane katikati ya alama iliyo katikati ya kioo kikuu. Skrubu za kufunga zilegeze kwanza. Usizikaze kwa nguvu mwishoni, zinavuruga ulichofanya.

Vumbi la Dodoma litaingia, liache. Kioo chenye vumbi kidogo hakipotezi kitu kinachoonekana, lakini kukifuta kwa kitambaa kunakwaruza ule utando wa alumini, na hilo halirekebishiki nyumbani. Funika bomba pande zote mbili ukimaliza.

Jambo moja halina mjadala, na waambie watoto kabla boksi halijafunguliwa. Bomba lisielekezwe kwenye Jua, hata kwa kilengeo. Ukikuta kwenye boksi kichujio kidogo cha jua cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, kitupe siku hiyohiyo, kwa sababu hukaa pale joto linapokusanyika na kinaweza kupasuka mtu akiwa anachungulia. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kabisa Misri na Saudia, nasi huku tutapata sehemu yake. Kwa siku hiyo pekee agiza mapema kichujio cha kufunika mdomo wote wa mbele wa bomba, na kilengeo ukitoe kabisa.

Muuzaji wa ya tatu mwambie akuuzie bomba bila stendi, au abadilishe na ya Dobson. Akikataa, mwachie.

Wako,
Idrisa