Kuhusu zile siku za Mzee wodini

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na za nyumbani mpe kila mtu, maana nikianza kutaja mmoja mmoja karatasi itaisha. Sisi wazima. Mrefu kaoa kimyakimya, utasikia mwenyewe, mimi simo. Ujumbe wako ulifika wiki tatu zilizopita. Niliusoma nimesimama, nikaitia simu mfukoni, nikaitoa nikausoma tena. Usidhani nimekudharau. Kila nikianza kujibu nakwama pale uliposema Mzee wenu analalamika mpaka leo kuhusu wodi ya UVIKO: "Walinilaza kifudifudi kama gogo, wakaniacha."

Ngoja nianze na gogo, ndilo jepesi.

Mapafu, swahiba, sehemu yake kubwa iko upande wa mgongo. Mtu akilala chali, moyo na tumbo vinailalia sehemu hiyo, nayo ikiwa imevimba kwa ugonjwa inajifunga, hewa haiingii. Ukimlaza kifudifudi inafunguka. Si jambo lililobuniwa na UVIKO. Utafiti wa Ufaransa uliotoka mwaka 2013 ulishaonyesha kwamba wagonjwa mahututi walio kwenye mashine ya kupumulia, wakilazwa hivyo kwa saa 16 hivi kwa siku, wanakufa wachache zaidi. Mzee hakufika kwenye mashine, lakini namba yake ya oksijeni kwenye kipimo cha kidole ilikuwa 82, na mwenye mapafu mazima hukaa 95 kwenda juu. Na alikuwa anaongea! Anauliza simu yake imebaki na chaji kiasi gani. Ugonjwa ule ulikuwa na hila hiyo: mtu anapiga soga huku damu yake haina oksijeni ya kutosha. Tukamgeuza, baada ya nusu saa akafika 90. Gogo hilo ndilo lililomrudisha kwenu.

Bila shaka umeshaona nimeteleza. Nitarudi hapo, niache kwanza nimalize.

"Wakaniacha." Hapa Mzee amesema kweli, kwa alivyoona yeye. Kuingia mle ndani ni barakoa ya N95 inayokata pua, gauni, glavu mbili mbili, miwani, ngao ya uso, na joto lake usiniulize. Ulikuwa hunywi maji tangu asubuhi ili usihitaji choo, maana kuvua ndiko kulikokuwa hatari kuliko kuvaa. Basi mambo yote tuliyafunga fungu moja: dawa, vipimo, shuka, maji ya kunywa, kugeuza, halafu tunatoka na kuwatazama kupitia kioo. Wauguzi wawili, wagonjwa 18. Sisi tulikuwa tunahesabu mitungi ya oksijeni. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, mgonjwa akivuta lita 15 kwa dakika, haumalizi saa 8. Zidisha kwa wagonjwa. Kwa aliyelala ameangalia ukuta, hiyo ni kuachwa tu.

Dawa alipata. Mwambie hilo. Kabla ya Juni 2020 deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, tulikuwa tunaiogopa kwa ugonjwa huu, mpaka jaribio kubwa la Uingereza likaonyesha miligramu 6 kwa siku zinapunguza vifo kwa wanaohitaji oksijeni. Dawa ya siku nyingi, ya bei ndogo. Waliolazwa kabla ya jaribio hilo tuliwapa haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, kwa mikono hii hii, na haikuwasaidia kitu. Wale ndio huwa nawaota, si Mzee.

Kuhusu kuwazuia msimwone, sitajaribu kututetea. Mwanzoni sawa, vifaa havikutosha na hatukujua mengi. Lakini baadaye fundi wa mitungi tulikuwa tunamvalisha gauni na barakoa akaingia, akatoka salama. Tungeweza kumvalisha mtoto wa mtu kwa robo saa. Tuliwapigia simu ya picha tukaona tumefanya wema, kumbe mkaonyeshwa kisogo cha baba yenu na mashine inalia. Yule kaka yako mkubwa alikata simu. Nilikasirika siku ile, leo simlaumu.

Haya. Nilijuaje habari ya chaji? Nilikuwepo. Mlijua niko wodi ya wazazi, na nilikuwa huko, ila wahudumu wa wodi ile walipoanza kuugua wenyewe tukahamishiwa huko. Usiku wa pili nikamkuta Mzee kitanda cha dirishani. Hakunijua. Angenijua vipi, macho tu, nayo nyuma ya miwani yenye ukungu? Akawa ananiita "sista" na kila nikiingia ananiuliza, "Namba ngapi?" Usiku mmoja ilikuwa 84, nikamwambia 91. Akalala.

Wakati wa Ebola kule Liberia kuna wahudumu waliobandika picha zao kifuani, juu ya yale mavazi, ili mgonjwa aone ana mtu mbele yake. Mimi nilikuwa na picha na gundi pia. Sikubandika, na nadhani sikutaka kujulikana.

Kwa sababu usiku wa tatu aliivua barakoa ya oksijeni mara ya nne, mtungi wa jirani yake unaisha, mwenzangu yuko nje anavua mavazi, nami nikamfokea baba yako. Nilimwambia, "Ukiivua tena nakuacha, nina wengine wanaotaka kuishi." Hayo ndiyo maneno yenyewe, sijayapunguza. Alinitazama, akageuza uso. Hakuivua tena. Mwenzangu alisema, si imefanya kazi? Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo anaposema "wakaniacha," mimi nasikia lile neno langu. Labda yeye hakumbuki. Homa ile ilikuwa inawachanganya wengi. Labda ndilo analolikumbuka, ila analiita gogo.

Sasa niambie. Bado anakohoa? Akipanda ngazi anapumzika katikati? Usiku analala, au anashtuka anashikashika uso kama anaitafuta barakoa? Alishawahi kumtaja muuguzi mkali? Je, zile ndala zake alirudishiwa, maana niliziandika jina mwenyewe? Na wewe, umenichukia? Nije nimwambie kwa mdomo wangu, au nitakuwa nautua mzigo wangu juu ya mgonjwa?

Niko zamu ya mchana mpaka Ijumaa, nipigie usiku. Shikamoo yangu mfikishie, lakini barua hii usimsomee kwanza.

Ni mimi,
Kijiti